Mpangaji Mbaya wa Mzee Shemdoe

Kule Tanga alikuwako mwenye nyumba mmoja, Mzee Shemdoe, mtu mwenye huruma sana: kila mwaka alipandisha kodi ili wapangaji wake wasije wakazoea raha. Mmoja wao, Siwema, fundi cherehani, alichoka na huruma hiyo, akaenda benki kuomba mkopo wa nyumba. Benki ikasita. Kwa kuwa hakuwahi kukopa popote, hakuna aliyejua kama ni mlipaji mzuri. Labda mwenye nyumba wake amshuhudie.

"Nikushuhudie ili unihame?" Mzee Shemdoe alicheka. "Hunipati hata neno moja."

Kesho yake Siwema alirudi barazani kwake na mgeni mmoja mpole.

"Shikamoo, baba. Huyu kaka anaulizia habari za kodi hapa kwako. Nimemwambia asihofu, mzee wetu ni laini. Mimi mwenyewe hulipa nikijisikia."

"Mwongo mkubwa!" Mzee aliruka kutoka kitini. "Miaka tisa hujachelewesha kodi hata mwezi mmoja! Nani athubutu kunichelewesha mimi?"

"Hata nilipougua?"

"Hata ulipougua ulilipa! Naapa!"

Mgeni akainuka, akampa mkono. "Nashukuru, mzee. Mimi ni afisa mikopo wa benki. Hayo ndiyo niliyofuata."

Mzee Shemdoe aliuchomoa mkono wake haraka.

"Ahsante, baba," alisema Siwema. "Chumba nitakuachia karibuni. Kwa upole wako huu, wapangaji watapigana mlangoni."