Posa ya Gari la Korogwe

Usiulize lakimbiaje; uliza laamkaje.

Wasichana waliokuwa wakijifunza kushona kwa Bi Tausi, hapo Lushoto, waliyasikia maneno hayo kwa mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake. Alimkuta mmoja wao, Hidaya, akiwasimulia wenzake habari za kijana aliyeleta posa kwao: anavyovaa, anavyotembea, anavyonukia. Yule mama alisikiliza kidogo, akalikunja gauni lake, akaisema methali, akaenda zake. Wasichana wakabaki wakitazamana.

"Bibi," Hidaya akauliza, "mtu kaleta posa, mbona huyu mama analeta habari za mbio?"

Bi Tausi alikata uzi kwa meno, akasimamisha cherehani. Hakuwa mtu wa haraka.

"Anayekimbia hapo si mtu," akasema. "Ni gari. Methali hii ilianza hivi."

Palikuwa na dereva mmoja aitwaye Mbelwa, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba maharusi. Alikuwa na gari jeupe la zamani, na kila Jumamosi alilifunga riboni na maua akapanda nalo na kushuka nalo milimani. Alikula kwa kazi hiyo, na wadogo zake wakasoma kwa kazi hiyo. Lakini gari nalo huzeeka. Siku moja, kule Soni, bibi harusi alitoka nje na hina yake mikononi, akauona mlango wa gari umefungwa kwa waya, akasimama.

"Mimi humo siingii," akasema.

Wakamtafutia gari jingine, na Mbelwa akarudi Lushoto na maua yake. Habari hiyo ilifika nyumbani kabla yake. Tangu siku ile watu wa harusi wakawa wanapita mlangoni kwake bila kubisha hodi.

Mbelwa alikuwa amelelewa na shangazi yake, Mwantumu, mwanamke mfupi mwenye maswali mengi. Akienda sokoni kununua kabichi moja, alitaka kujua imelimwa wapi, imelimwa na nani, na kwa nini upande mmoja umebapa. Wauza mboga walimpenda, na wakimwona kwa mbali walijifanya wanahesabu chenji.

Basi Mbelwa akasikia kwamba huko Korogwe bondeni yuko mtu anayeitwa Bwana Mwinjuma, ana gari anauza. Gari jeusi la milango minne, viti vya ngozi, lenye mwendo wa mashindano. Ni la ukoo wa yale magari ya kifahari yanayotoka ng'ambo.

"Makubwa ya ukoo huo wanapanda mabalozi," Mbelwa alimweleza shangazi yake. "Hili ndilo dogo lao. La mwisho katika ukoo, lakini la ukoo."

"Kwa nini usichukue jipya?"

"Jipya ni la wenye hoteli, shangazi. Sisi tunapata wenzetu wakishachoka nalo."

Shangazi Mwantumu akafikiri. "Na huyo wa kwanza alichoka na nini?"

Mbelwa akacheka. Lakini shangazi hakucheka, kwa sababu Mwinjuma alitaka kubadilishana: apewe lile gari jeupe, aongezewe na ng'ombe wawili wa maziwa. Ng'ombe wenyewe walikuwa wa Mwantumu. Kwa hiyo safari hii maswali yake yalikuwa na miguu minane.

Walishuka Korogwe pamoja, saa nne asubuhi kama walivyoagizwa. Gari lilikuwa uani, linang'aa mpaka Shangazi Mwantumu akaona ushungi wake mlangoni kama kwenye kioo. Akalizunguka. Aliinama, akainuka, akainama tena.

"Mbona limekaa chini hivi, kama linatafuta sindano?"

"Ndiyo sura ya gari la mbio, bibi," Mwinjuma akajibu. Alikuwa mtu mwenye sauti nzuri, na mkononi hakosi kitambaa cha kufutia vumbi. "Likikaa chini linashika barabara."

"Na matuta?"

"Matuta unayapita taratibu."

"Na kiti hiki cha nyuma, bibi harusi na gauni lake wataenea, au gauni litapanda gari la pili?"

Mwinjuma akacheka, akamfungulia mlango akae aone mwenyewe. Alikaa. Ngozi ilikuwa laini, na kulikuwa na harufu ambayo hakuijua, akainusa mara kadhaa aijue. Alipotoka, aliweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto.

"Limetoka wapi asubuhi hii?"

"Halijatoka. Nililisogeza kivulini tu."

Shangazi akatazama huku na huku. Jua lilikuwa bado nyuma ya nyumba, na ua mzima ulikuwa kivuli.

Wakaenda kulijaribu barabara ya Mombo. Mbelwa alishika usukani, na walipopata mahali pamenyooka akakanyaga mafuta. Gari liliruka kama swala aliyeshtuliwa. Miti ikawa inarudi nyuma kwa kasi, na ndani kukawa kimya kiasi cha kusikia bangili za shangazi zikigongana. Alimtazama mtoto wa kaka yake. Tangu siku ile ya Soni hakuwa amemwona na uso ule. Akajua kwamba hapo macho yameshakubali, na macho yakikubali masikio huziba.

Mara ya pili walikwenda na fundi. Saa nne tena, kwa kuwa Mwinjuma alisema mapema zaidi ana shughuli. Fundi akaingia chini ya gari, akatazama kama linavuja, akakagua matairi na breki, akawasha injini akaisikiliza.

"Linapumua vizuri," akasema. "Kwa ninavyoliona sasa, sina neno."

Shangazi akaweka tena kiganja juu ya boneti. Moto.

"Leo nalo limetoka wapi?"

"Nilikwenda kununua mkate, bibi."

Wakakubaliana kubadilishana magari baada ya siku mbili, saa ile ile ya saa nne, na ng'ombe wafuate. Wakati wa kurudi Mbelwa aliimba njia nzima. Shangazi Mwantumu alikuwa akitazama kiganja chake.

Sasa, katika ukoo wao kulikuwa na desturi. Posa ikija haikupokelewa mpaka shangazi wa binti aende kulala kwa wakwe watarajiwa, bila kutoa taarifa. Mgeni wa jioni hafukuzwi, na jioni kila nyumba hufagiliwa. Shangazi hakwenda kutazama jioni. Alikwenda kutazama alfajiri: nani anaamka kwanza, nani anamsemesha nani kwa sauti gani, kabla watu hawajavaa nyuso zao. Mwantumu alikuwa amewalalia mabinti wengi wa kaka zake. Kuna posa moja aliirudisha kwa sababu kijana, aliyekuwa mpole kama njiwa usiku, alimfokea mama yake alfajiri kwa ajili ya maji ya kunawa.

"Mbelwa," akasema walipofika nyumbani. "Nitakwenda kulala."

"Kalale, shangazi, umechoka."

"Kulala Korogwe. Kwa gari."

Mbelwa aliacha kuimba. "Shangazi! Utafanya nichekwe mpaka bondeni. Lile ni gari, si mchumba."

"Kama si mchumba, mbona unalitazama vile?" Akaanza kufunga kikapu chake. "Nimelikuta mara mbili limeshaoga na kujipamba. Nataka kujua linaamkaje. Wewe njoo siku hiyo kabla jua halijatoka, usingoje saa nne."

Jioni ya kuamkia siku ya makubaliano, Shangazi Mwantumu alibisha hodi kwa Mwinjuma na kikapu cha mapeasi kichwani. Mama Raya, mke wa Mwinjuma, akampokea kwa furaha. Mwinjuma alitoka sebuleni akamwona, kitambaa kikamwanguka.

"Karibu, bibi. Si tulisema kesho?"

"Kesho atakuja Mbelwa. Mimi nimetangulia kulala."

Angesema nini? Mgeni ni mgeni. Akapikiwa wali, akatandikiwa.

Alfajiri, baada ya kuswali, shangazi alichukua kigoda jikoni akaenda nacho uani. Umande ulikuwa umelifunika gari lote. Akaweka kiganja juu ya boneti, na safari hii lilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Akakaa kando yake, akangoja.

Haukupita muda, Mwinjuma akatokea na msuli wake, ananyata, ufunguo mkononi. Alikuwa ameshaushika mlango wa gari alipomwona.

"Shikamoo, bibi! Mbona nje na baridi hii?"

"Marahaba, mwanangu. Wewe je, waenda kununua mkate?"

"Nalipasha moto tu. Gari zuri hupashwa kabla ya mgeni kuliona."

"Mimi ndiye mgeni, na nimeshaliona. Usilipashe. Nataka kulisikia likipiga miayo."

"Bibi, hayo ni mambo ya magari, si ya..."

Barabarani ikasikika injini ya gari jeupe la Mbelwa ikikohoa. Likaingia uani, likazimwa. Mbelwa akashuka, akamwona shangazi yake juu ya kigoda na Mwinjuma kasimama na ufunguo. Aliona haya.

"Kuna nini hapa?"

"Hakuna kitu, baba," shangazi akasema. "Bwana Mwinjuma anataka kuliamsha gari. Sogea tusikilize."

Mwinjuma akamtazama Mbelwa, akautazama ufunguo. Mama Raya naye alikuwa ameshatoka mlangoni na kanga mabegani.

"Washa, Baba Raya," akasema taratibu. "Wageni wanangoja."

Mwinjuma akaingia, akawasha.

Ulitoka mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya sufuria. Chuma kilikuwa kinagonga chuma, ndani kabisa, kwa haraka na kwa hasira. Kuku waliruka kutoka chini ya banda. Mbelwa alisogea karibu, akatega sikio, na rangi ya uso wake ikabadilika. Mlio ule uliendelea, ukaendelea, kisha ukaanza kupungua kidogo kidogo kadiri injini ilivyopata moto, mpaka ukakoma. Likabaki lile gari walilolijua, linanguruma kwa upole kama paka aliyeshiba.

Mwinjuma akatoa kichwa dirishani, akatabasamu kwa shida. "Mnaona? Limenyamaza. Na mbio zake mmeziona wenyewe. Nani katika barabara hii atalishika?"

"Sikukuuliza lakimbiaje, mwanangu," Shangazi Mwantumu akasema. "Nimekuuliza laamkaje."

Mwinjuma alizima gari. Akashuka.

"Ni cheni," akasema. "Iko ndani ya injini, imelegea. Gari likilala, mafuta ya kuilainisha yanateremka chini, ndiyo maana likiamka inagonga. Likipata moto inanyamaza."

"Na ikikatika?" Mbelwa akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Injini imekwisha."

"Itakatika lini?"

"Ningejua ningekuambia. Labda kesho. Labda mwakani."

"Haitengenezeki?"

"Inatengenezeka, kwa kufungua injini yote na kuagiza vifaa huko lilikotoka. Mimi nilishindwa."

Shangazi hakuwa amekasirika. Kulikuwa na jambo moja bado linamwasha, naye hakuweza kuondoka bila kulijua. "Na wewe ulilipataje?"

Mwinjuma alitazama chini, akalikunja pindo la msuli wake vidoleni.

"Niliuziwa mchana, bibi," akasema. "Lilikuwa limeshapata moto."

Mama Raya aliwaletea chai, wakanywa wote wanne, kwa maana hapakuwa na ugomvi tena. Kisha Mbelwa na shangazi yake wakaingia kwenye gari jeupe wakaanza kupanda milima.

Walifika kwenye zile kona za juu ya Mombo, ambapo ukuta wa mlima uko upande mmoja na upande wa pili ni hewa tupu. Hapo Mbelwa akapunguza mwendo.

"Shangazi," akasema, "unadhani lingekatikia wapi?"

Mwantumu alichungulia bonde, mpaka chini kabisa kulikokuwa na mto mwembamba kama uzi. Aliwaza gari jeusi, na ndani yake bibi harusi na mama yake na shangazi yake.

"Hilo," akasema, "sitaki kulijua."

Na hilo ndilo swali pekee ambalo Mwantumu aliwahi kuliacha bila jibu.

Lushoto stendi madereva walikuwa wakiwasubiri. Waliposikia ile injini inayokohoa, wakapiga kelele.

"Bwana harusi karudi bila mke!"

"Mahari imekataliwa, nini?"

"Mbelwa, tueleze! Au halikimbii?"

Mbelwa alishuka. Alikuwa amechoka, na moyo bado unamuuma, lakini hakutaka kulisingizia gari.

"Linakimbia," akasema. "Sijashika gari linalokimbia kama lile."

"Sasa umeliacha kwa nini?"

"Ninyi nanyi! Usiulize lakimbiaje, uliza laamkaje."

Wakacheka sana. Lakini alipowasimulia yaliyotokea uani kwa Mwinjuma, kicheko kikapungua, na mmoja wao aliyekuwa akitaka kununua pikipiki akauliza kimya kimya kama mwenye pikipiki hukutwa nyumbani alfajiri.

Mbelwa alikwenda kuuchomelea mlango wa gari lake, akalipiga rangi. Maharusi wakarudi, si wote. Lile gari jeusi liliishia wapi, hakuna ajuaye. Maneno yake ndiyo yaliyobaki. Yalitoka stendi yakaenda mnadani kwa wanunua ng'ombe, yakaenda kwa wapangaji wa nyumba, na mwishowe yakarudi kwenye posa, kwa mashangazi wenyewe.

Bi Tausi akavuta kitambaa, akaanza tena kukanyaga cherehani. Hidaya alishona mstari mzima, akaukuta umekwenda upande, akaufumua.

"Bibi," akasema, "shangazi yangu yuko Mlalo. Nikimwita leo, anaweza kufika kabla posa haijajibiwa Ijumaa?"

"Magari ya Mlalo yapo kila siku. Kwani huyo kijana ana nini? Si ulisema anatembea vizuri?"

"Anatembea vizuri sana, bibi," Hidaya akajibu, macho kwenye sindano. "Lakini usiulize lakimbiaje, uliza laamkaje."