Kigelegele cha Bi Mgeni

Hii imeletwa na mama mdogo kwenye kundi la ukoo, nami naisogeza mbele. Kama unamjua mtu aliye kwenye kamati ya tuzo yoyote, mfikishie kabla hajavaa suti.

Katika nchi moja ya karafuu alitawala mfalme aitwaye Makame. Hakuwa mtu mbaya. Alijenga shule ya wasichana, alipenda watani, na akicheka ukumbi mzima hucheka naye. Ila alipenda kusifiwa. Ukimsifu asubuhi, jioni atakutafuta umalizie.

Mama yake alifariki yeye Makame akiwa mchanga, akalelewa na shangazi yake, Bi Mgeni. Bibi huyo ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kumwogopa. Hata mbele ya mabalozi alikuwa akimwekea kofia sawa na kumwambia, "Simama vizuri, baba, unapinda."

Nchi hiyo ilikuwa na sheria ya zamani: mume akifa, matanga yakiisha, nyumba inachukuliwa na ndugu zake, na mjane anafungasha. Makame alipokalia kiti aliahidi kuifuta. Miaka ikapita. Kila akikumbushwa alijibu, "Nalifanyia kazi."

Basi Bi Kidawa, mshona nguo, akafiwa na mumewe. Nyumba waliijenga wote wawili, yeye akibeba mawe na mimba. Shemeji yake alipokuja kudai ufunguo, Bi Kidawa alikaa kizingitini akasema hatoki. Akatolewa na askari, akatiwa gerezani kwa kosa la kukaidi sheria ya mfalme. Shemeji akatia kufuli mpya mlangoni.

Wanawake wakaanza kunung'unika. Walinung'unika sokoni, visimani, mpaka kwenye ile shule ya wasichana.

Waziri Jecha akapata dawa. "Mtukufu, tukupe tuzo. Mtetezi Mkuu wa Wanawake. Ukishaipata, nani tena atakuja kukuambia unawaonea?"

Mfalme akaipenda dawa. Kamati ikaundwa, wanaume watupu, wakamchagua mgombea aliyekuwa peke yake. Ikachorwa picha kubwa ya mfalme akiwa ameshika upawa, yeye ambaye hata maji ya chai huchemshiwa.

Bi Mgeni aliposikia, alikwenda kumwona.

"Makame, baba, Kidawa yuko ndani bado?"

"Shangazi, hilo tutaliangalia baada ya sherehe."

"Baada ya sherehe hutaliangalia. Utakuwa umeshapewa cheti kwamba hakuna cha kuangalia."

"Hunitakii mema, shangazi?"

Bi Mgeni alimfunga kifungo kilichoachwa wazi, akaenda zake.

Sasa, nchi ile ina desturi. Mtu akipewa heshima, kigelegele cha kwanza hupigwa na mwanamke aliyemlea. Akishapiga yeye, wengine wote hudakia. Asipopiga, hakuna anayethubutu. Ni sawa na kuanza kula kabla mwenye nyumba hajakaribisha. Kamati ilikumbuka zulia, ikakumbuka tarumbeta na hema la wageni. Kumwuliza Bi Mgeni haikukumbuka. Aulizwe nini? Shangazi mtu!

Siku ikafika, uwanja ukajaa. Bi Mgeni akakalishwa mbele kabisa. Waziri Jecha akasoma sifa za mfalme mpaka sauti ikamkauka, akainua juu joho la tuzo.

"Na sasa, Mtetezi Mkuu wa Wanawake!"

Kimya.

Wanawake wote wakamtazama Bi Mgeni. Bi Mgeni alikuwa anajipepea.

Jecha akainama sikioni kwake. "Bi mkubwa, tunakusubiri wewe."

"Nimeona."

"Kigelegele kidogo tu."

"Piga wewe, si ndiye umemchagua?"

Na Jecha, kwa kutapatapa, akapiga. Ilitoka sauti kama ya jogoo aliyekanyagwa. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Mpeni maji jamani, baba wa watu!" Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mfalme mwenyewe nusura acheke, akajikaza.

Akashuka jukwaani, akapiga goti mbele ya shangazi yake. Alisema kwa sauti ya chini, lakini kimya kilikuwa kimesharudi, na kila mtu alisikia.

"Shangazi, unaniaibisha mbele ya watu. Hunipendi?"

"Ningekuwa sikupendi ningepiga, baba. Wasiokupenda wote leo wamejiandaa kupiga. Mimi nilikuogesha, ukilia mimi ndiye sikulala. Siwezi kukaa hapa nikuone unavikwa nguo ya watu. Hiyo tuzo ni ya kumtetea mwanamke. Haya, nionyeshe mmoja uliyemtetea."

Mfalme akatazama shule ya wasichana kule mlimani.

"Shule ni nzuri," Bi Mgeni akasema. "Niliisifu ilipofunguliwa. Lakini wale wasichana wanasoma, wataolewa, watafiwa, kisha watatupwa nje kama Kidawa. Unawafundisha kuisoma sheria itakayowafukuza?"

Jecha akaanza kukohoa. Mfalme akainuka, akageuka akamwambia mkuu wa askari, "Mleteni Bi Kidawa. Na shemeji yake, na ufunguo."

Bi Kidawa akaletwa akiwa na nguo za gereza, akipepesa macho kwa mwanga wa jua. Mfalme akauchukua ufunguo kwa shemeji, akauweka kiganjani mwa Bi Kidawa, akatangaza kwamba kuanzia siku ile hakuna mjane wa kufukuzwa kwake, na mwandishi wa sheria aandike pale pale, watu wakiona.

Ndipo Bi Mgeni aliposimama, akatupa upepeo wake, akapiga kigelegele ambacho hata waliokuwa baharini walikisikia. Wanawake wakadakia, uwanja ukatetemeka.

Mfalme akafuta macho, akatabasamu, akanyoosha mabega avalishwe joho.

"Weka mikono chini, baba," akasema Bi Mgeni. "Kigelegele hicho kilikuwa cha Kidawa. Ndiye aliyekaa kizingitini. Wewe umerudisha ufunguo uliouchukua."

Mfalme akamtazama shangazi yake, akatazama joho, kisha akacheka kile kicheko chake, na safari hii hakuna aliyecheka kwa woga. Akalichukua joho kwa Jecha, akamfunika nalo Bi Kidawa, maana nguo za gereza zilikuwa zimechanika mgongoni.

Bi Kidawa hakukaa kusikiliza hotuba. Aliondoka vile vile, ufunguo mkononi, akafungua mlango wake, akafagia vumbi la miezi. Wapita njia walimsikia ndani akiimba.

Funzo: Ukitaka kujua kama kiongozi anastahili tuzo ya kutetea wanawake, usiulize kamati, muulize mwanamke aliyefungiwa mlango, na anayekukatalia sifa usiyoistahili huenda ndiye anayekupenda kuliko wote wanaokushangilia.