Jina Moja kwenye Upanga wa Admasu

Hapo zamani, katika milima ya Uhabeshi, alitawala mjane aitwaye Bibi Zenebech. Adui wakaiteka chemchemi yake, wakatuma neno: "Mtoeni shujaa apigane na wetu. Akishindwa, maji ni yetu."

Watu walikuwa wamefikia kulamba umande majanini. Na shujaa wa adui alikuwa na ngao ya ngozi ya kiboko, pana kama ungo. Panga zote za mlimani zilivunjikia hapo. Zenebech alikuwa na mwana mmoja tu, Admasu. Akamtoa huyo huyo.

Akaagiza chuma kigumu cha Wafaranji, watu wa Ulaya, kwa Nasr, mfanyabiashara wa Yemen. Jangwani wanyang'anyi wakamkamata ndugu yake Nasr. "Tupe hicho chuma, tumwachie." Nasr alikuwa amekificha mchangani, tena ameapa kukifikisha. Akakataa. Wakamchinja ndugu yake huku anatazama.

Chuma kikafika kwa Gebru mhunzi. Watu walisema wahunzi hugeuka fisi. Hakuna aliyekula naye sahani moja. Gebru akasema, "Upanga ulionyooka utaishia kwenye ngao. Huu nitaupinda kama mundu, uizunguke ngao."

"Na ukivunjika motoni?" akauliza Zenebech.

"Nichinjeni."

Akautia motoni. Akaupinda. Haukuvunjika.

Mpini ukachongwa na Abdosh, fundi wa Harar. Kulikuwa na damu kati ya mji wake na mlima ule. Akauchonga kwa pembe ya kifaru, akautia mikato ili usiteleze. Habari zikafika kwao. Lango la mji likafungwa, mkewe na wanawe wakiwa ndani. "Msaliti, usirudi!"

Siku ya pambano ikafika. Admasu akapiga, pigo likatua juu ya ngao, chuma kikalia, hakikuvunjika. Akajeruhiwa bega, damu ikashuka mpaka kiganjani, mpini haukuteleza. Mama yake akafumba macho. Admasu akazungusha mkono, ncha ikapita ukingo wa ngao, ikamfikia adui shingoni.

Watu wakakimbilia maji. Zenebech akawaita mafundi wale.

"Upanga huu utaandikwa jina moja. Mwenye jina hilo atakaa barazani pangu, yeye na kizazi chake."

Nasr akasema, "Andika jina la ndugu yangu. Hana hata kaburi. Bila chuma changu, mngepigana na nini?"

Gebru akasema, "Chuma chake kingevunjikia kwenye ngao kama vingine. Mimi niliweka shingo yangu rehani. Wanangu nao waitwe fisi mpaka lini?"

Abdosh hakuinua uso. "Upanga ungemponyoka mwanao mkononi, Bibi, leo ungekuwa unamzika. Wewe umerudishiwa mwanao. Wangu siwaoni tena. Mimi nikae wapi?"

Zenebech akamtazama mwanawe. Mchonga maandishi alikwisha kuweka patasi juu ya chuma, nyundo imeinuliwa, anangoja neno.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniache peke yangu na jambo hili: je, nani alistahili?