Kamba Iliyosifiwa

"Msokota kamba mbovu havuki daraja."

Bibi Sisa aliitoa methali hiyo bila kuinua macho, vidole vikiendelea kusokota nyasi. Wajukuu zake wawili, Kusi na Tika, wakaangua kicheko.

"Bibi, huyo mbona ana akili!" alisema Kusi. "Ubovu wa kamba anaujua mwenyewe, kwa hiyo havuki. Watakaoanguka ni wengine."

"Nani kakwambia kuna aliyeanguka?"

Tika akasogea karibu. Bibi akalowesha nyasi nyingine, akawaeleza methali hiyo ilikotoka.

Zamani zile Mfalme Inka alipotawala milima hii, watu wa korongo walikuwa na kazi moja iliyozidi zote, nayo ni daraja. Kila mwaka mvua zikishapita, daraja kuukuu lilikatwa likaangukia mtoni, na jipya likasukwa kwa nyasi za mlimani. Kila nyumba ilileta kamba moja nyembamba, pima arobaini. Kamba za nyumba zote zilisukwa pamoja zikazaa kamba nene sita, nne za kukanyaga na mbili za kushika. Zikishasukwa, hakuna aliyeweza kuonyesha kidole na kusema, ile ni ya kwangu. Watu walijivunia jambo hilo. Daraja lilikuwa la kila mtu.

Katika kijiji cha upande mmoja wa korongo aliishi Anku, kijana mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Aliwahi kumvika lama wa jirani, yule mnyama wa mizigo, kofia ya marehemu na kumleta matangani. Wazee walimkemea kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, wakaenda kucheka nyuma ya nyumba. Aliyecheka waziwazi alikuwa mama yake. Mama huyo alikuwa amehamia ng'ambo ya korongo kwa binti yake aliyeolewa huko, na kila Anku alipovuka kwenda kumsalimu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Haya, umefanya nini tena?"

Msimamizi wa daraja aliitwa Mzee Rimachi. Inasemekana mzee huyo alionekana akicheka mara moja tu maishani, na siku hiyo alikuwa anajiandaa kupiga chafya. Kazi yake ilikuwa kuzipima kamba zote. Alizivuta, akazinusa, akazikagua kwa kucha, na mwenye kamba legevu aliaibishwa mbele ya watu.

Mwaka ule Anku akaona kwamba mtu mwenye heshima nyingi namna ile anastahili kupunguziwa kidogo. Akachomoa nyasi kuukuu kwenye paa la nyumba yake, nyasi zilizooza kwa moshi na mvua, akazifanya kiini cha kamba. Juu yake akasokota nyasi mbichi zilizopondwa vizuri, mpaka kamba ikang'aa. Nia yake ilikuwa Mzee Rimachi aipitishe, kisha yeye aikate mbele ya watu, uozo umwagike, na kijiji kipate cha kucheka mwaka mzima. Baada ya hapo angesokota nyingine. Hilo alikuwa amelipanga kweli.

Mzee Rimachi akaivuta kamba. Akainusa. Akaipitishia ukucha. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona: akasifu.

"Vijana, tazameni," alisema. "Hii ndiyo kamba."

Watu wakashangilia. Mtu akamtia Anku kibuyu cha pombe ya mahindi mkononi, mwingine akampiga bega, wa tatu akamwimbia. Anku hakuwa amewahi kusifiwa kwa kazi, na sifa ni tamu. Akanywa kwanza. Akajiambia ataikata kibuyu kikiisha. Kilipoisha akageuka, akakuta wasukaji wameitanguliza kamba yake kwa sababu ya ile sifa, na kamba nene tatu tayari zimefungwa.

"Kamba yangu imeingia wapi?" aliuliza.

"Humo humo," alijibiwa. "Mbona una haraka ya kuagana nayo?"

Angesema wakati ule. Lakini kuharibu daraja la Inka adhabu yake ilikuwa kifo, na sheria ile haikuwa na nafasi ya utani. Akanyamaza. Nyasi nazo, kama ilivyo desturi ya nyasi, hazikumshtaki.

Daraja likafunguliwa. Wapiga mbio wa mfalme wakavuka, lama wakavuka na magunia ya viazi, wanawake wakavuka na watoto mgongoni. Kila alfajiri Anku aliketi mwanzoni mwa daraja akiwaambia watu, "Nenda polepole. Mmoja mmoja." Wakafikiri ni mzaha mpya, wakamcheka, wakapita. Yeye hakupita.

Miezi sita baadaye shemeji yake Poma alitokea ng'ambo, anahema.

"Shemeji, twende. Mama hali chochote tangu juzi. Anakuulizia wewe tu."

Anku akasimama. Akaweka mguu mmoja juu ya daraja. Kamba ikalia chini ya unyayo wake, kama kamba zote za nyasi zinavyolia. Akaurudisha mguu.

"Tangulia. Mimi nitapitia kivuko cha juu."

"Kivuko cha juu? Hicho ni mwendo wa siku nne! Si daraja hili hapa?"

"Mguu unaniuma."

"Mguu unakuuma, ndiyo ukachagua siku nne ukaacha hatua mia?" Poma alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. "Anku, leo siyo siku ya utani."

"Sitanii, Poma."

"Basi nikamwambie nini?"

"Mwambie ninakuja."

Poma akageuka akavuka mbio, daraja likiyumba huku na huku. Anku akafumba macho mpaka aliposikia miguu ya shemeji yake imegusa mawe ya upande wa pili. Kisha akaanza safari. Alitembea usiku na mchana, akafika siku ya tatu jioni. Mama alikuwa ameshafungwa katika nguo zake nzuri na kuketishwa kwenye pango la wazee waliotangulia, na mlango umezibwa kwa mawe.

Dada yake alikuwa amekaa nje ya pango.

"Kijiji chako kizima kimevuka kuja kumlilia," alisema. "Mzee Rimachi kwa miguu yake mibovu amevuka. Wewe ulikuwa wapi? Alitukataza tusilie, alisema mngoje Anku aje anichekeshe kwanza. Alingoja siku mbili, Anku. Siku mbili!"

Ndipo Anku akamjibu, "Msokota kamba mbovu havuki daraja." Na akamweleza yote.

Mwaka ulipokwisha, daraja lilikatwa. Halikuwa limekatika hata uzi mmoja. Anku alisimama ukingoni akitafuta kwa macho kamba yake, ajue kama kweli ingemwangusha. Lakini daraja lilianguka zima, mto ukalichukua, na jambo hilo hakulijua mpaka anakufa.

Bibi Sisa akachukua nyasi nyingine. Tika ndiye aliyeuliza.

"Na dada yake, Bibi? Aliambiwa yote. Mbona hakuwaonya watu?"

Kwa mara ya kwanza vidole vya Bibi vikasimama.

"Alikuwa ametoka kumzika mama. Hakutaka kumzika na kaka. Basi akawaacha watu wavuke, na watoto wao mgongoni, akiwahesabu kimoyomoyo mpaka wafike. Yeye mwenyewe mwaka ule hakuvuka. Alimsalimia kaka yake kwa kumpungia mkono kutoka ng'ambo."

Kusi akamtazama. "Bibi, dada huyo alikuwa wewe?"

"Nisogezee maji," alisema Bibi. "Nyasi zinakauka."

Kusi akayasogeza, bila kucheka. Bibi akalowesha vidole, akaanza tena kusokota, akasema taratibu, "Msokota kamba mbovu havuki daraja."