Bi Sange na Ubao wa Zahanati

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na serikali yao, makarani wao na hata foleni zao za kusukumana, aliishi mama mmoja aitwaye Bi Sange. Sange mnamjua? Ni yule mnyama asiyezidi ngumi yangu, miguu myembamba, pua ndefu inayochezacheza kama inanusa habari za majirani. Wengine humwita panya. Msimwite panya mbele yake. Bi Sange alikuwa na majivuno yake, na alikuwa akijibu kwamba panya huishi kwenye takataka, ila yeye huishi kwenye njia iliyofagiliwa.

Na ni kweli. Ukoo wa Sange hauna urithi mwingine ila njia. Kila alfajiri huamka wakafagia vijia vyao chini ya miti, fya, fya, fya, jani lisibaki, ili adui akitokea wapite mbio bila kujikwaa. Bi Sange alirithi kazi hiyo kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, naye aliionea fahari kubwa. Mimi mwenyewe si mrefu, mnaniona, kwa hiyo msishangae nikiwa upande wake tangu mwanzo.

Sasa, katika mwitu ule matibabu yalikuwa ya wenye mabavu. Ukienda kwa Mganga Korongo, Nyati anakupiga kikumbo, Kifaru anakupita, na ukifika mbele dawa imekwisha. Mfalme Simba akachoka kusikia vilio vya wanyonge. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na siku hiyo ilikuwa na jambo jema: kila mwenye pumzi atatibiwa, mkubwa kwa mdogo, bila kudaiwa kitu. Zahanati mpya itajengwa karibu na mto, na mlangoni utawekwa mtambo wa kumtambua kila raia wa mwitu, pasiwe na wa kupendelewa wala wa kusahauliwa.

Bi Sange alitokwa na machozi ya furaha. Akamshika mwanawe Mize, akamwambia, "Umesikia? Kila mwenye pumzi. Maana yake na sisi tumo."

Kazi ya mtambo akapewa Kiboko. Huyo alikuwa mkandarasi mkubwa, mkubwa wa sifa na mkubwa wa tumbo. Akachimba bonde mbele ya mlango wa zahanati, na chini ya bonde akatandika ubao mpana. Ubao akaufunga kamba, kamba ikapanda juu mpaka kwenye kengele na kwenye komeo la mlango. Mgonjwa akisimama juu ya ubao, ubao unadidimia, kamba inavutika, kengele inalia nge, nge, nge, na komeo linafunguka lenyewe. Anayeliliwa na kengele ni raia. Asiyeliliwa, Kiboko alieleza, huyo ni kivuli, au pepo, au mgeni wa kutoka ng'ambo.

Wakaujaribu. Akasimama Tembo, kengele ikalia. Akasimama Nyati, ikalia. Kiboko mwenyewe aliposimama, kamba nusura ikatike. Wakapongezana, wakala, wakalala. Hakuna aliyemwita Sange aje kujaribu. Nani angemkumbuka?

Basi zahanati ikaanza kazi, huku Mfalme akingojwa aje kuupokea mtambo rasmi kwa kuutia alama ya wayo wake. Ni katika siku hizo hizo Mize alipochomwa na mwiba wa mgunga. Mwiba ukakatikia ndani ya unyayo, mguu ukavimba, na uvimbe ukaanza kupanda. Bi Sange akambeba mgongoni mpaka zahanati. Mlangoni alikaa karani Kobe, na dirishani alionekana Mganga Korongo na mdomo wake mrefu, ule ambao ungeuchomoa mwiba kwa mvuto mmoja.

Bi Sange akamweka Mize juu ya ubao. Kimya. Akapanda na yeye. Kimya. Akarukaruka, tip, tip, tip. Ubao haukujua hata kama kuna mtu amekuja.

"Hujatambulika," akasema Kobe.

"Mzee Kobe, unanijua. Nafagia mbele ya mlango huu kila siku."

"Mimi nakujua, mama. Mtambo haukujui. Nami nimeajiriwa kuusikiliza mtambo."

Bi Sange hakukata tamaa. Akawaita nduguze, wakasukuma jiwe kutoka ukingoni mwa bonde mpaka likaangukia ubao, pu. Kengele ikalia na mlango ukafunguka. Kobe akatangaza kwamba kengele imelilia jiwe, kwa hiyo atakayetibiwa ni jiwe. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Jiwe liliingizwa ndani, na Mganga Korongo akalipima homa huku ameinamisha macho kwa aibu, maana walikuwa wamemwapisha kwamba hatamtibu yeyote asiyeliliwa na kengele.

Bi Sange akaondoka hapo kwenda moja kwa moja kwa mkandarasi. Alimkuta Kiboko ukingoni mwa kidimbwi chake, shavu moja limetuna kwa jino bovu. Siku zote jino likimsumbua alivuka mto kutibiwa kwa waganga wa ng'ambo, lakini safari hii alikuwa anamngoja Mfalme, hakuweza kuondoka. Bi Sange akamwamkia kwa adabu, akamweleza habari ya mwiba, uvimbe na ubao.

Kiboko akacheka mpaka jino likamkumbusha kwamba lipo. "Mtambo hauna kosa," akasema. "Kosa ni la mwili wako. Nenda ukale, unenepe, kisha urudi."

"Kivuli wee!" akaongeza, akajitupa majini, chubwi, akazama.

Maneno hayo yalimchoma Bi Sange kuliko ule mwiba ulivyomchoma mwanawe. Kivuli! Yeye, ambaye bibi yake alifagia njia za mwitu huu kabla Kiboko hajaota jino hilo lililooza! Lakini hakulelewa kulia mbele ya anayemdharau. Akasogea ukingoni amwoshe Mize mguu, na kwa kuwa maji yalikuwa maangavu, akamwona Kiboko kule chini anatembea.

Anatembea vipi? Kwa ncha za vidole! Anainuka kidogo, anaelea, anatua taratibu, wala tope halitimki. Mlima wote ule wa nyama, ukiwa ndani ya maji, haukuwa na uzito wa kumsumbua konokono.

Pua ya Bi Sange ikaanza kuchezacheza.

Kiboko alipoibuka kuvuta pumzi alimkuta bado yupo, safari hii mnyenyekevu, ameinamisha kichwa. Bi Sange akaomba radhi kwa kulalamika kwake. Akasema hakuja tu kwa shida zake, alikuwa pia na jambo la heshima ya mkandarasi. Kesho Mfalme anakuja. Je, nani atakuwa mgonjwa wa kwanza mbele yake? Maana kuna tetesi kwamba Tembo anajinoa atangulie, na Tembo akitangulia, vizazi vyote vitasema mtambo ni wa Tembo.

Tetesi hizo, wajukuu zangu, zilizaliwa hapo hapo mdomoni mwake.

Kiboko akanuna. Akajigusa shavu. "Nitatangulia mimi," akasema. "Jino hili litang'olewa mbele ya Mfalme, waone wote kwamba mjenzi anatumia alichokijenga."

"Hayo ndiyo maneno ya mkubwa," akajibu Bi Sange. "Ila naogopa jua, Bwana Kiboko. Kutoka hapa mpaka zahanati ni vumbi tupu, na ngozi yako si ya kukaukia njiani kama ya Nyati. Sisi akina Sange kazi yetu ni njia. Tukufagilie?"

"Njia ya vumbi hata ukiifagia ni vumbi." Kiboko akafikiri, na wazo likamjia, akalipenda kwa kuwa aliona ni lake. "Msifagie juu juu. Fagieni mwende chini, uwe mfereji. Maji yanifuate mpaka mlangoni, niingie kama ninavyostahili."

"Amri yako, Bwana. Na kila atakayeuliza nitamwambia umeamuru wewe."

Ukoo mzima wa Sange ukatoka, watoto kwa wazee, na majirani wote wenye makucha wakaja kuwasaidia. Fya, fya, fya! Hawajawahi kufagia vile. Kobe alipouliza, akaambiwa ni amri ya mkandarasi, akatikisa kichwa kukubali, maana kutikisa kichwa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Bi Sange alifagia akirudi mara kwa mara kumgusa Mize. Uvimbe ulikuwa umeshafika gotini na mtoto alikuwa anaweweseka. Alijua kwamba Mfalme akishatia wayo wake, Kiboko ataondoka kwenda kutafuta kazi nyingine, na ubao ule utabaki mlangoni daima. Mize hangefika hiyo daima.

Maji yakaja. Yaliteleza kwenye mfereji, yakaingia bondeni, yakaufunika ubao, yakapanda mpaka yakakaribia kizingiti.

Mfalme Simba alipowasili, ngoma zilipigwa na wanyama wakajaa kandokando ya bonde. Kiboko akaja kwa mfereji wake, kichwa juu, akipunga masikio kulia na kushoto, wote wakikiri kwamba hawajaona mgonjwa akiingia kwa fahari namna ile. Akasogea mpaka juu ya ubao, maji yamemfika mabegani, akasimama.

Kimya.

Akakanyaga tena. Kimya. Akaruka, maji yakatapakaa, chubwi, yakamlowesha Mfalme sharubu. Alishuka taratibu akatua kama jani. Kengele ilitulia pale pale ilipo, na ule mruko ukaliamsha jino. Kiboko akaguna kwa maumivu.

"Hujatambulika," akasema Kobe.

"Kobe, una wazimu? Ni mimi niliyeujenga!"

Kobe, ambaye hakuwa na ubaya na mtu, akamjibu kama alivyofundishwa. "Mtambo hauna kosa, Bwana. Kosa ni la mwili wako."

Ndipo ikasikika sauti nyembamba kutoka ukingoni. "Nenda ukale, unenepe, kisha urudi."

Wanyama wote wakageuka. Mfalme akainamisha kichwa kutafuta aliyesema, akamwona Bi Sange, mtoto mgongoni, pua imenyooka. Akamwuliza maneno yale ni ya nani.

"Ni ya mkandarasi wako, Mfalme. Aliniambia jana, mwanangu akiwa na mwiba mguuni. Ubao wake haukutusikia, akasema sisi ni vivuli. Wewe ulisema kila mwenye pumzi. Ubao huu haujali pumzi, unapima uzito. Umelitibu jiwe ukamwacha mtoto."

"Na maji haya? Ni hila yako?"

Bi Sange hakusita. "Ni hila yangu. Nilimfanya Bwana Kiboko awe mwepesi kwa muda mfupi, aonje tunavyoishi."

Mfalme akajifuta maji kwenye sharubu. Lakini kabla hajatamka lolote, mlango wa zahanati ulifunguliwa kutoka ndani, kwa nguvu, bila kengele. Mganga Korongo alikuwa amechoka na kiapo chake. Akampita Kiboko, akaruka mfereji, akainama mbele ya Mize, na kwa mvuto mmoja, chop, mwiba ukatoka. Mtoto akalia kwa nguvu. Mama yake hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile.

Kisha Korongo akamgeukia Kiboko na kumwuliza kama yuko tayari. Mkandarasi mkubwa alikuwa amengoja zamu yake, mara ya kwanza tangu azaliwe, machozi yakimtoka. Jino liling'oka mbele ya Mfalme, kama alivyotaka.

Mfalme hakutia wayo wake siku hiyo. Aliamuru Kiboko aung'oe ubao na kuujenga mtambo upya, na safari hii asijaribu na Tembo mpaka kwanza aridhike Bi Sange. Kiboko akajenga, Bi Sange akakataa. Akajenga tena, akakataa tena. Mwishowe Kiboko akasalimu amri, akamwuliza yeye angefanyaje.

Bi Sange akaomba unyoya mmoja wa Korongo, akautundika mlangoni kwa uzi wa buibui. Mgonjwa anasogea, anapumua, unyoya unatikisika, na Kobe anasema pita. Basi. Tembo alipita, Nyati alipita, na hata mtoto wa siafu alipita kichwa juu. Siku Kiboko alipokuja na jino lingine, alipuliza polepole sana, asiuharibu.

Na Mize? Alipona, akakua, na asubuhi ya kwanza aliyoweza kukanyaga vizuri, mama yake alimpa ufagio wake wenyewe, wakafagia pamoja njia ya kwenda zahanati, fya, fya, fya. Mkiingia mwituni mkakuta kijia kisafi chini ya majani, mjue akina Sange wamepita hapo, na mkivuke kwa heshima.

Anayejenga mlango wa wote, ampime kwanza aliye mdogo kuliko wote.

Hadithi yangu naiacha hapo mlangoni. Mwenye pumzi na aingie.