Mkwaju wa Nyumba Nzima

Mti wa wengi hufa kwa maji. Bibi Mwantumu aliwatupia wajukuu zake maneno hayo alipowakuta wote wakimfundisha mwenzao baiskeli, kila mmoja na kelele zake. Wakacheka. Mti hufa kwa kiu, walimwambia, maji nayo yaue mti? Basi akawaketisha, akawaambia msemo huo una nyumba ulimozaliwa, nayo ilikuwa Muheza.

Humo alipanga mshonaji mmoja, Saumu. Siku moja alipeleka mapazia kwa Bwana Kiluwa, mzee aliyelea bonsai, yaani miti ya porini inayokuzwa midogo ndani ya chungu. Saumu akaona mkwaju mzima, una shina la makunyanzi na matawi yaliyotanda, na wote haufiki urefu wa birika. Mapazia akayasahau. Aliuzunguka mti ule mpaka mwenye nyumba akaanza kucheka, na hapohapo akaomba afundishwe.

Bwana Kiluwa hakuwa mwepesi wa kukubali, kwani wengi walishamwomba wakachoka njiani. Alimkabidhi mkwaju mwingine, mdogo zaidi, akasema anakwenda Lushoto kwa bintiye. Akirudi akaukuta hai, atampokea awe mwanafunzi wake. Akiukuta umekufa, wabaki kujuana kwa mapazia. Akamwachia somo moja tu: kabla ya kumwagilia, chomeka kidole udongoni, na ukikuta unyevu, usitie maji.

Saumu alirudi nyumbani nusu akikimbia, chungu kifuani. Wapangaji wote wakajaa uani. Mama Chausiku akauita mti ule mtoto wetu. Mzee Mbelwa akavaa miwani, akasema ameishi mpaka ameona mkwaju usioweza kumpa kivuli hata kuku. Walipoelezwa ahadi ya Bwana Kiluwa, nyumba nzima ikajiona imeingia mtihani.

Kila asubuhi Saumu alichomeka kidole, na kila asubuhi udongo ulikuwa umelowa. Alifurahi, akadhani mti wenyewe hauna makuu. Mara majani yakaanza kuwa manjano. Majirani wakasema ni kiu, na kwa hofu Saumu naye akakidharau kidole chake, akatia maji. Majani yakapukutika. Akajiona anarudi kwenye mapazia yake, na roho ikamuuma kweli.

Mwishowe akautoa mti chunguni. Harufu ya uozo ikampanda puani. Mizizi ya chini ilikuwa myeusi, inateleza kama bamia. Akawaita wote uani.

"Nani anaumwagilia mti huu?"

Wakatazamana. Mama Chausiku ndiye aliyeanza. "Mimi, mwanangu, nilikuwa naupa maji niliyooshea mchele. Kidogo tu. Yale yana nguvu."

Mzee Mbelwa akakohoa. "Na mimi yale yanayobaki kwenye birika nikishatawadha. Niliona vibaya kuyamwaga bure. Nayo ni kidogo."

Shangwe, msusi wa barazani, alisema yeye aliupa jioni, maana hakuwahi kumwona mtu akiukumbuka.

"Na mimi juzi nikauongezea," Saumu akasema.

Mzee Mbelwa akainama, akaitazama ile mizizi. "Kumbe mti wa wengi hufa kwa maji," akasema taratibu.

Saumu alitaka kulia, lakini kwa nyuso zile za watu waliokamatwa na mapenzi yao, kicheko kikamponyoka. "Haya," akawaambia, "kuanzia leo kidole ni kimoja, changu. Anayeupenda mti huu aweke mikono nyuma."

Akaikata mizizi iliyooza, akazibua matundu ya chungu, akabadili udongo kwa mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa na vipande vya matofali. Akauweka kivulini. Sasa ukaja ugumu wa kungoja. Mama Chausiku alipita na maji yake ya mchele akitazama pembeni, na Mzee Mbelwa akahamia upande wa pili wa ua kutawadha, asije akashawishika.

Asubuhi moja Shangwe akainama, akaona kitone cha kijani kwenye tawi. Akaita. Watu wakatoka mbio, mmoja na povu la sabuni usoni, na Mama Chausiku akapiga kigelegele kilichowaleta majirani wa nyumba ya pili. Saumu alikaa chini palepale. 

Vigelegele havijaisha, hodi ikapigwa, na aliyeingia ni Bwana Kiluwa. Aliugeuza mti huku na huku, akayaona machipukizi, akaugusa ule udongo mpya. Uso wa juu ulikuwa umekauka, basi akanyoosha mkono, akachukua kopo la maji.

"Usimwage," nyumba nzima ikasema kwa pamoja.

Bwana Kiluwa akabaki na kopo hewani. "Mti huu si wangu?"

"Ni wako, bwana," Mzee Mbelwa akamjibu, "lakini muulize Saumu kwanza."

Saumu akasogea, akachomeka kidole mpaka chini. "Ndani bado pana unyevu," akasema. "Kesho."

Bwana Kiluwa akaliweka kopo chini. "Basi na wewe kesho uje kwangu," akasema. "Tutaanza na matawi."

Ndiyo maana hata leo, pakiwa na mmoja na wanaompenda ni tele, kila mtu akimwongezea kidogo chake bila kuuliza mwenzake ameshampa nini, watu wa Muheza husema: mti wa wengi hufa kwa maji.