Jamvi la Bi Mnana

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mlionyimwa ugali? Paukwa!

Pakawaaa!

Ehee! Sasa nina watu.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na jamvi moja la baraza. Alilisuka Bi Mnana, ndege mdogo wa manjano. Pinda, ingiza. Pinda, ingiza. Likatosha kukaliwa na Tembo, na Nyati, na ukoo mzima wa Fisi. Bi Mnana akilitazama, kifua kinamjaa.

Mila ilikuwa hivi: jamvi likitandikwa, baraza limeanza. Lisipokunjwa, neno halijakatwa na hainuki mtu. Na wa kulikunja ni yule yule aliyelitandika.

Siku moja, Bi Mnana akiisha kulitandika, Tembo akanguruma, "Ule mgunga unanizibia njia ya mtoni. Leo nauangusha!"

Bi Mnana akarukia mbele, pu! Kwenye mgunga ule ndiko kilikokuwa kiota chake, na makinda watatu hawajaota hata manyoya.

"Baba Tembo, naomba neno," akasema.

"Wewe kazi yako kutandika. Kusema tuachie wenye miili. Shauri limekwisha. Kunja!"

"Sikunji."

Tembo akamwinamia.

"Umesemaje?"

"Nimesema sikunji, Baba. Sijasikilizwa."

Jua likapanda. Likawaka. Matumbo yakalia, nguru, nguru, nguru. Fisi, njaa ikimuuma, akanyoosha mkono kwenye ncha ya jamvi.

"Wee! Umelitandika wewe?" Kobe akamkemea. Fisi akaurudisha mkono wake.

Tembo angeweza kuinuka. Lakini mila ile aliiweka yeye mwenyewe, na anayeinuka kabla jamvi halijakunjwa, neno lake si neno tena. Akapepea masikio.

"Haya, mwanangu. Sema."

"Kuuzunguka mgunga ni hatua zako nne, Baba. Makinda wangu hawana hata moja."

Tembo akatazama chini. "Nne tu? Basi nitazunguka. Mti usiguswe."

Hapo Bi Mnana akashika ncha kwa mdomo, akalikunja jamvi lote, taratibu, bila kusaidiwa na mtu, shingo juu! Nyati, na ukubwa wake wote, alimpisha.

Ndiyo maana hata leo watu wakimaliza shauri husema, "Tukunje jamvi." Na funzo ni hili: usimdharau anayekutandikia, maana bila yeye huna pa kukaa. Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye sikio amekwisha chukua chake.